Mlango Usio na Tundu la Ufunguo

Saa nne na robo asubuhi

Chumba cha nyuma cha dobi kilinuka mvuke na sabuni. Mbele, pasi zilikuwa zinapita juu ya mashati ya watu wa heshima. Nyuma, watu wanne ambao heshima iliwapita kushoto walikuwa wamezunguka meza ya kukunjia mashuka, na juu ya meza Mzee Funguo alikuwa amechora duka la sonara kwa chaki ya cherehani. Chaki ilikuwa na faida yake. Kiganja kikipita mara moja, ushahidi umekwisha.

"Huku mbele, mlinzi. Huku nyuma, uchochoro." Akagonga kwa kucha. "Hapa, chumba cha dhahabu."

Mzee Funguo alikuwa mfupi, mkavu, mwenye vidole virefu visivyolingana na kimo chake. Kufuli la chuma halikuwahi kumshinda, na jina lake lilitoka huko. Lakini dunia ilikuwa imemgeuka uzeeni. Siku hizi watu walifunga mali zao kwa mtandao, na kwenye mtandao Mzee alikuwa kipofu. Ndiyo maana alimtafuta Waya.

Waya aliwahi kuwa fundi wa kampuni ya mtandao, wale wa kupanda nguzo na kuvuta nyaya majumbani. Alifukuzwa kwa kuwauzia watu mtandao wa majirani zao. Mikono yake ilikuwa mizuri; ila haikujua mwiko.

Mchongo ulikuwa wake kwa sehemu kubwa. Sonara alikuwa ameunganisha duka zima: kamera, king'ora, mlango wa chumba cha dhahabu. Alijisifu kwamba analilinda duka akiwa amelala kitandani. Basi kwa wiki kadhaa Waya alikuwa akifungua sanduku la nyaya lililo kwenye kona ya mtaa na kukata mtandao, leo kidogo, kesho zaidi. Kila ulipokatika, taarifa ilikwenda kwenye kampuni ya ulinzi. Mara ya kwanza walinzi walikuja mbio. Mara ya pili walikuja wanatembea. Baadaye walipiga simu tu, na sasa hata simu zilikuwa zimewachosha. Mtaa nao ulizoea. Mtandao ukipotea watu walisonya, wakainua simu zao juu kana kwamba wanauchota hewani, kisha wakaendelea na shida nyingine.

Mtu wa tatu pale mezani alikuwa Sauti, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya nesi mwema. Yeye alimpigia sonara kujifanya huduma kwa wateja, akampa pole kwa usumbufu, akamwachia namba ya kupiga tatizo likirudi. Katika mazungumzo ya tatu sonara alimtajia neno la siri, herufi moja baada ya nyingine: jina la mwanawe wa kwanza na mwaka aliozaliwa. Kisha akamshukuru. Sauti alipenda kusema kwamba maishani mwake hajawahi kumwibia mtu. Watu humpa wenyewe.

Mpango wa leo ulikuwa mwepesi kuusimulia. Waya anakata mtandao. Saa saba sonara anafunga duka na kwenda kula kwake, na kabla hajanawa mikono anampigia Sauti kulalamika. Sauti anamwambia mafundi wako njiani, naye sonara anamwamuru mlinzi awafungulie. Mafundi wenyewe ni Waya na Mzee, ndani ya ovaroli za buluu. Breki anasubiri uchochoroni na gari.

Breki alikuwa wa nne. Alimwoa Mama Pacha, mdogo wake Waya, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akizikanyaga.

"Rudia habari ya mlango," Mzee akasema.

Waya akarudia. Mlango hauna tundu la ufunguo. Unafunguka kwa neno la siri, na neno la siri linapita kwenye mtandao. Mtandao wa duka utakuwa umekufa, kwa hiyo atachomeka mlangoni kisanduku chake chenye laini ya simu na betri, mlango utadhani mambo ni shwari, utafunguka.

"Na kwa ndani?"

"Kwa ndani hauna kitasa. Sonara anaogopa mtu kujificha humo. Ukijifunga, umefungwa. Mimi nabaki nje nikiushika."

Mzee akamtazama muda mrefu. "Kwa hiyo nikiwa ndani, roho yangu iko mkononi mwako."

"Ndiyo, Mzee."

"Sijapenda."

Hakuwa mtu wa kupenda vitu. Zamani mwenzake mmoja alimuuza, Mzee akala miaka yake jela bila kumtaja mtu hata mmoja, na alipotoka yule mwenzake hakuonekana tena. Tangu hapo alitembea na chuma cha risasi kilichofungwa kwenye leso, na "kikulacho ki nguoni mwako" ilikuwa kama salamu yake. Sasa alijifuta chaki mikononi, taratibu, akatoa alilokuwa nalo moyoni.

"Jana kuna mtu amekuja hapa kuulizia. Mpiga pasi ameniambia. Mwanamke, kitambaa cha kijani kichwani, ameshika simu mbele kama mtu anayetafuta njia. Anauliza ni kina nani wanaokutana huku nyuma." Akawapitia kwa macho, mmoja mmoja. "Siulizi ni nani amemtuma. Leo nitajua."

Kile kitambaa Waya alikinunua yeye, kumpa dada yake.

Miezi michache nyuma Mama Pacha alikwenda kwake analia. Mume haeleweki, anaondoka bila kuaga, anarudi anacheka peke yake. Kuna mwanamke. Kaka, nisaidie. Waya alijua vizuri mume yuko wapi. Yuko na yeye Waya, wanapima madirisha ya watu. Lakini hilo halisemeki kwa dada. Basi siku Breki alipomletea simu abadilishe kioo, alitia programu ndogo ndani yake, akaificha, akaiunganisha na simu ya dada. Tangu siku hiyo Mama Pacha alimwona mumewe kama nukta ya buluu juu ya ramani. Waya alidhani amemtuliza. Kumbe wivu ukipewa darubini haulali.

Mzee akaweka katikati ya meza kopo tupu la biskuti. "Simu ni polisi unayemnunulia vocha mwenyewe. Tieni."

Waya alimwambia Breki ampe yake amzimie vizuri. Alitaka dakika moja tu ya kuing'oa ile programu. Mzee akakataa, kila mtu azime yake, mbele ya wote. Simu zikalia bati moja baada ya nyingine, mfuniko ukafungwa, kopo likabaki palepale kwa dobi, mikononi mwa Sauti pamoja na simu moja ya kazi. Waya akapumua. Nukta itakaa kwa dobi mchana kutwa. Jioni ataiua.

Saa sita na nusu mchana

Sanduku la nyaya lilikuwa mbele ya duka la dawa, karibu na mtaro. Mzee alikuwa ameshuka kabla, amesimama kivulini upande wa pili wa barabara, anauchunguza mtaa. Waya akafungua sanduku kwa ufunguo ambao kampuni ilisahau kumnyang'anya. Angeweza kulikata duka la sonara peke yake. Mzee alikataa, duka moja likizimika linaonekana, mtaa mzima ukizimika ni jambo la kila siku. Akazichomoa zote.

Mtaa ukasonya. Ndani ya duka la dawa mtu alisema, "Imeanza tena."

Waya alirudi garini, akamkuta Breki ameinama, anavuta kitu kutoka kwenye soksi. Kitu kikawaka.

"Hiyo ni nini?"

"Si simu?"

"Simu yako iko kwenye kopo."

"Kwenye kopo nimetia ile mbovu, wanayochezea watoto."

Tuseme ukweli, wazo la kwanza la Waya halikuwa la undugu. Alidhani shemeji anawauza. Maneno ya Mzee yalikuwa yameshamwingia.

"Unaongea na nani?"

"Na dada yako, na nani mwingine?" Breki akamgeuzia kioo. Ujumbe ulikuwa mmoja, umerudiwa kuanzia asubuhi. Uko wapi? Uko wapi? "Nisipojibu, nyumba haikaliki. Nimemwambia niko gereji."

"Gereji."

"Sasa nimwambie niko na kaka yake, tunakwenda kuiba?"

Waya alikuwa na sentensi mdomoni, tayari. Shemeji, hiyo simu ina jicho, na jicho nimelitia mimi. Ingechukua pumzi moja. Lakini Mzee alikuwa anavuka barabara kuja garini, na aibu nayo ina uzito wake. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na Waya aliuficha.

"Zima," akasema.

Breki akabonyeza, kioo kikawa cheusi, simu ikarudi kwenye soksi. Waya alijua kuliko mtu yeyote kwamba kioo cheusi si simu iliyozimwa. Alijua pia kwamba amekata nyaya tu, na minara ya simu imesimama palepale, inasikia kila kitu. Hakuuliza zaidi. Mzee alikuwa ameshashika mlango wa gari.

Saa saba na dakika kumi

Mlinzi aliwapokea kwa lawama. Alikuwa anatazama mpira kwa mtandao wa bosi, mshambuliaji amebaki na kipa, picha ikaganda. Aliwataka mafundi wamwambie ni kazi gani hiyo wanayofanya. Waya akaomba radhi kwa niaba ya kampuni. Mzee alipita na ngazi begani, uso wake umejificha nyuma ya ngazi. Bosi alikuwa ameshapiga simu. Mlango ukafunguliwa, mlinzi akarudi kwenye kiti chake.

Ndani kulikuwa na joto. Makabati ya vioo yalikuwa matupu, yamefunikwa vitambaa, maana sonara huhamisha kila kitu chumba cha ndani kabla ya kwenda kula. Waya akachomeka kisanduku chake kando ya mlango wa chuma. Taa nyekundu, njano, kijani. Akaandika jina la mtoto wa watu, akaandika mwaka. Mlango ukakohoa, ukajiachia.

Mzee alichungulia kwanza. Kisha akachukua mfuko wa vifaa, akaulaza kwenye kizingiti ili mlango usijifunge.

"Nimesema nitaushika," Waya akasema.

"Nimesikia. Na mfuko nao utaushika."

Alimwamini mfuko kuliko mtu. Akaingia. Kulikuwa na kasha la chuma la zamani kwenye kona, la kuzungusha namba, na Mzee alipoliona, uso wake ukalainika kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akalilazia sikio. Waya alisimama mlangoni akimtazama mtu anayesikiliza chuma, na kwa muda huo mfupi hakumwogopa. Kasha likafunguka bila kelele. Mzee akaanza kutia mzigo kwenye gunia, bila haraka, anachagua.

Ndipo sauti ilipoingia kutoka nje, kali, ya mtu aliyekwisha kulia njiani.

"Gereji ndiyo hii? Nauliza, gereji ndiyo hii?"

Waya alifunga macho.

Mama Pacha alikuwa ameiona nukta imesimama nyuma ya duka la sonara. Mume anasema yuko gereji, ramani inasema yuko kwenye dhahabu. Mwanamke gani angehitaji ushahidi mwingine? Alikodi pikipiki akiwa na kanga ya jikoni kiunoni. Sasa alikuwa anapiga kioo cha gari kwa kiganja, anataka kujua hereni ni za nani, na Breki anamsihi kwa sauti ya chini, mama watoto, ondoka hapa, nitakueleza. Mlinzi aliacha kiti chake mbele ya duka akaja uchochoroni kutazama. Mpira ulikuwa umemnyima bao, hii ilimfidia.

Mzee aliacha gunia. Juu ya ukuta kulikuwa na tundu la hewa lenye wavu, likitazama uchochoro. Akapanda juu ya kasha, akachungulia.

"Kitambaa cha kijani," akasema.

Waya alibaki ameshika mlango.

"Na dereva wetu ana simu mkononi. Simu iliyopaswa kuwa kwenye kopo." Akashuka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotisha. Alikuwa kama mtu aliyepata kitu alichokitafuta muda mrefu. Akaifungua leso. "Shemeji yako ametuuza."

"Si yeye, Mzee. Ni mimi."

Akamweleza. Aliyatoa yote, machozi ya dada, kioo cha simu, programu, nukta, soksi. Maneno yalipotoka aliyasikia mwenyewe jinsi yalivyo mepesi. Watu wanauawa kwa usaliti. Nani amewahi kusikia mtu amenusurika kwa kisa cha mke kumchungulia mume?

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. "Kama unasema uongo, mmeniuza kwa makusudi," akasema. "Kama unasema kweli, mmeniuza kwa wivu. Kaburi ni lilelile. Tutafunga mzigo, tutatoka kwa ustaarabu, tutaendesha hadi mahali pasipo na watu. Huko nitaanza na shemeji yako. Yule mwanamke ametujua, basi naye anakuja."

Alisema hivyo kama mtu anayepanga safari, kisha akainama kulichukua gunia. Tangu jela Mzee Funguo hakuwahi kumpa mtu mgongo. Lakini gunia lilikuwa limejaa, na mkono mmoja ulikuwa na chuma, na dhahabu ni nzito.

Waya akaupiga teke mfuko wa vifaa. Ukateleza ndani. Mlango ukaja wenyewe, polepole, kisha ghafla. Akachomoa kisanduku, taa ya kijani ikafa.

Alitegemea kelele, ngumi, risasi. Mzee hakufanya hata kimoja. Risasi ingeita watu. Vidole vilisikika vikipapasa mlango, juu, chini, pembeni, vikitafuta kile ambacho havikuwahi kukikosa maisha yao yote. Kisha vikatulia. Maneno ya Mzee yakaja kwenye upenyo wa chini, kwa sauti ndogo.

"Nilijua ni mmoja wenu. Sikujua ni yupi."

Hadi dakika ile hakukuwa na msaliti hata mmoja kati yao. Waya alitaka kumwambia hivyo. Akachukua ngazi akatoka.

Saa saba na nusu

Dada yake alimwona akitoka kwa mlango wa nyuma na ovaroli ya buluu, ngazi begani. "Kaka? Na wewe umo?" Waya alimsukumia garini, akamwambia mlinzi kwamba mwenzake ametangulia, kuna waya mmoja umebaki kule kwenye kona, mtandao unakuja sasa hivi. Mlinzi akamsindikiza kwa ushauri, kwamba amwambie yule bwana mke ni mmoja tu.

Gari likaondoka. Watatu kwenye kiti cha mbele, dada katikati.

"Mzee yuko wapi?" Breki akauliza.

"Hatoki."

"Na mzigo?"

"Hautoki. Alikuwa anakwenda kukuua. Nyote wawili."

Breki akaendesha. Alikuwa anafikiri, na kufikiri kwake kulimpeleka pale Waya alipokuwa anapaogopa. Akamgeukia mkewe. "Umejuaje niko huku?"

Mama Pacha akainua simu yake. Kwenye ramani nukta ya buluu ilikuwa inatembea barabarani pamoja nao, mtiifu. Alimtazama tu kaka yake, na mtazamo ukatosha.

Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Breki alikanyaga breki. Walikuwa wamefika kwenye kona, jirani na duka la dawa.

"Unakula kwangu," akasema taratibu. "Unabeba wanangu mgongoni. Kumbe umenitia kidudu mfukoni."

"Leo nimekuokoa, shemeji."

"Umeniokoa na moto ulioukoka mwenyewe."

"Mwanamke ni nani?" Mama Pacha akauliza. Alikuwa bado yuko huko.

"Hakuna mwanamke! Wizi, mke wangu. Nilikuwa ninaiba. Na kaka yako."

"Basi hakuna mwanamke," Mama Pacha akasema, na nafuu ilimjaa usoni kabla hajaweza kuizuia. Kisha maneno mengine yakamfikia, akajifunika uso kwa kanga.

Breki akatoa simu kwenye soksi, akaitupa dirishani. Ikaangukia ukingo wa mtaro. "Tunachukua watoto tunahama. Shuka, shemeji."

Waya akashuka. Dada hakumtetea, naye hakumlaumu. Gari lilipoondoka alimwona kupitia kioo cha nyuma, kichwa ameinamisha juu ya simu yake, anaitazama nukta iliyobaki mtaroni. Mume mwenyewe alikuwa ubavuni pake.

Saa nane kasorobo

"Fundi! Fundi, tuko huku!"

Ovaroli ilikuwa imemponza. Mwenye duka la dawa alikuwa ametoka mlangoni na koti lake jeupe, nyuma yake foleni ya watu walioudhika. Maagizo ya madaktari huja kwa mtandao siku hizi, akaeleza, na bila mtandao hawezi kumpa mtu hata kidonge. Mama mmoja alikuwa na mtoto mwenye kifua, anakoroma begani. Bwana mmoja alikuwa amelipia unga kwa simu, pesa zimeondoka, mashine ya dukani haina mtandao wa kuzipokea, na muuzaji ameukumbatia mfuko. Wote walimtazama Waya kwa chuki ya kawaida kabisa, ile ambayo watu huwatazamia mafundi.

Miguu yake ilitaka kukimbia. Kichwa kikamshika.

Sonara atarudi saa nane. Ataukuta mlango umefungwa kama alivyouacha, mtandao umekufa, na atampigia nani? Atampigia Sauti. Na Sauti si mjinga. Ana neno la siri, na hatakosa fundi mwingine mwenye njaa. Mzee akitolewa kwa mkono wa Sauti, Breki hatafika kesho, wala Mama Pacha. Lakini akitolewa kwa mkono wa polisi atanyamaza kama alivyonyamaza zamani, hatamtaja mtu, atakaa ndani akiwakumbuka mmoja mmoja. Hiyo ni miaka. Ndani ya miaka watoto hukua, watu huhamia mbali.

Kulikuwa na njia moja tu ya kuwaita polisi bila yeye kufungua mdomo, nayo ilikuwa mbele yake, ndani ya sanduku la bati.

Akalifungua. Alizirudisha zote, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja. Alikuwa fundi mzuri, na hilo hakuna aliyewahi kumnyima.

Mtaa ukaamka. Simu zikalia mikononi mwa watu zote kwa pamoja. Malipo ya unga yakaonekana kwenye mashine, muuzaji akaachia mfuko. Mwenye duka la dawa akasoma kioo chake akaingia ndani haraka, na yule mama akamfuata. Mtu akasema asante, fundi. Na mahali fulani, mezani kwake, sonara alifungua simu akaona ndani ya chumba chake cha dhahabu mzee mfupi amekaa juu ya kasha, mikono magotini, anaitazama kamera. Sauti, aliyekuwa anambembeleza kwenye laini, alisikia ukelele. Alikuwa mtu wa kujua wakati wa kukata simu.

King'ora kikaanza kulia. Hakikunyamaza.

Watu wakageuka kutazama upande wa duka. Waya akakaa kwenye ukingo wa mtaro. Mlinzi anamjua uso, na mtaa mzima umemwona. Mtu wa ovaroli ya buluu hana pa kwenda. Pembeni yake, kwenye majani, simu ya Breki ikawaka.

Kaka, uko wapi?

Alisoma mara mbili. Alijua kwamba dada anaona. Alijua kwamba kidole chake kiko juu ya nukta sasa hivi, garini, na kwamba anauliza tu ili ajibiwe. Alitamani kumjibu. Lakini simu hii ikikutwa hapa, polisi watafika nyumbani kwa dada kabla ya watoto kuvaa viatu.

Aliishika, akabonyeza, akasubiri hadi kioo kikaaga na kuzimika. Bado hakuamini. Akang'oa laini, akaikata vipande viwili kwa koleo lake, akavitupa kwenye maji ya mtaro, na simu nyuma yake.

Gari la polisi likakata kona. Mwenye duka la dawa alitoka tena mlangoni akimtafuta kwa macho, akamwona. "Fundi," akasema, "tuachie namba yako. Ukikatika tena tukupigie."

Waya alisimama, akapapasa mifuko kwa mazoea. Hakuwa na simu.